Kabla ya kumwaga zege uwanjani, amua maji na watoto watapita wapi

Mvua za masika zikikatika, kazi za uwanjani huanza. Kuanzia Juni hadi Septemba, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam na Pwani utaona malori yakishusha mchanga na kokoto mbele ya mageti. Familia zilizochoshwa na tope la miezi mitatu zimeamua kwamba mwaka huu uwanja lazima usakafiwe.

Uamuzi ni mzuri. Uwanja uliosakafiwa hupunguza tope sebuleni, vumbi kwenye vyombo na kazi ya kudeki. Bibi anapata pa kuweka mkeka, na gari halinasi getini.

Lakini zege ni kazi isiyosamehe. Rangi mbaya ya ukuta unaipaka nyingine. Zege lililokauka likiwa limeelekeza maji mlangoni kwako dawa yake ni nyundo na tindo, kisha kununua saruji upya. Kwa familia nyingi hizo ni fedha ambazo zingelipa ada ya mtoto.

Ndiyo maana baba na mama wanatakiwa kukaa na karatasi kabla fundi hajaitwa.

Uwanja wenu una kazi gani?

Chukua ukurasa wa daftari, chora nyumba, geti, choo, chemba za maji taka, tangi la maji, miti na bomba. Kisha jiulizeni nani anautumia uwanja huo na kwa ajili gani. Gari linalala wapi? Nguo zinafuliwa wapi? Watoto wanachezea wapi? Jiko la mkaa linawashwa wapi? Wageni wa msiba au kipaimara wanakaa wapi?

Majibu hayo ndiyo yanayoamua unene wa zege. Sehemu ya kukaa na kutembea tu inatosha kuwa na unene wa inchi 3 hadi 4. Njia ya gari dogo la familia isiwe chini ya inchi 4, yaani sentimita 10. Kama gari la maji au lile la kunyonya maji taka litaingia ndani ya fensi, hapo panahitaji inchi 6 na wavu wa nondo. Magari hayo yakiwa yamejaa huwa na uzito wa tani nyingi, na safari moja tu inatosha kupasua zege jembamba.

Kama ndani ya nyumba kuna mzee au mtu anayetumia kiti cha magurudumu, mfikirie sasa hivi. Ngazi moja ya sentimita 15 mlangoni inahitaji mteremko wenye urefu wa karibu mita 1.8 ili kiti kipande bila kusukumwa kwa nguvu. Kuupanga mwanzoni ni rahisi. Kuubandika baadaye huacha ukingo wa kujikwaa.

Gari na mchezo visikutane

Hatari ambayo wazazi wengi hawaifikirii wakati wa kusakafia ni gari lao wenyewe. Uwanja ukishakuwa laini unakuwa mahali pazuri zaidi pa kuendeshea baiskeli, kuchora kwa chaki na kupiga mpira. Mtoto wa miaka miwili aliyechuchumaa nyuma ya gari haonekani kwenye kioo cha ndani, na mara nyingi hata vioo vya pembeni havimwoni.

Kwa hiyo tenganisha sehemu hizo tangu kwenye mchoro. Weka baraza la kukaa na kuchezea upande mmoja, njia ya gari upande mwingine, na katikati jenga ukingo mdogo wa tofali au panda maua. Mlango ambao watoto hutokea mbio usifungukie moja kwa moja kwenye njia ya gari. Halafu iwe sheria ya nyumba: gari halirudi nyuma mpaka mtu mzima awe amewaona watoto wote kwa macho, si kwa kuwasikia sauti.

Yapimwe maji kwanza

Hesabu hii huwashangaza wengi. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya uwanja wa mita za mraba 100 inaleta lita 5,000 za maji, sawa na matangi matano ya lita 1,000. Ardhi ya mchanga ilikuwa inameza sehemu kubwa ya maji hayo. Zege halimezi kitu, na maji yote yatatafuta pa kwenda.

Sakafu ya uwanja inatakiwa iwe chini ya sakafu ya ndani kwa angalau sentimita 15. Watu wengi hukosea hapa. Wanajaza kifusi ili kuua tope, wanamwaga zege juu yake, na mwisho uwanja unakuwa sawasawa na kizingiti cha mlango. Mvua kubwa ya kwanza inaingia ndani. Hata isipoingia, ukuta unanyonya unyevu kutoka nje, rangi inabanduka na chumba cha watoto kinanuka uvundo.

Mteremko uwe wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ukitoka kwenye nyumba. Baraza lenye upana wa mita 4 litakuwa limeshuka kati ya sentimita 4 na 8 mwishoni. Macho hayatambui tofauti hiyo, lakini maji yanaitambua. Mwambie fundi aipime kwa mpira wa maji au pimamaji na afunge kamba kwenye vigingi kabla ya kazi, nawe uzione kamba hizo. Kukadiria kwa jicho kusikubalike.

Swali linalofuata ni la ujirani. Maji yakishatoka kwenye nyumba yako yanakwenda wapi? Kama jibu ni kwenye ukuta wa jirani, umeshaanzisha kesi itakayofika kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Yaelekeze kwenye mtaro, kwenye bustani, au kwenye shimo lililojazwa mawe ndani ya kiwanja chako, lililo mbali na msingi wa nyumba na shimo la choo. Maji ya mvua yasiingizwe kwenye chemba ya maji taka, kwa sababu shimo litajaa na uchafu utarudi juu.

Mtaro wa barabarani mbele ya geti nao usizibwe ili gari lipite. Panahitaji karavati, na barabara nyingi za mitaa ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Ulizia kwao kwanza kabla ya kumwaga chochote.

Si lazima usakafie kote

Kuna familia zinazoahirisha kazi hii miaka mitatu kwa sababu zinapiga hesabu ya uwanja mzima. Punguza eneo.

Chukua mfano wa njia ya gari yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 3. Ni mita za mraba 24. Kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 2.4 za zege, na kwa mchanganyiko tutakaoueleza hapa chini inakula mifuko 18 hivi ya saruji.

Sasa tengeneza njia mbili tu za matairi, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 70, na katikati uache nyasi au kokoto. Eneo linashuka hadi mita za mraba 11.2 na saruji inashuka hadi mifuko 9. Umeokoa nusu ya gharama, na maji ya mvua yamepata pa kuzama.

Miti nayo isizungushiwe zege hadi kwenye shina. Mwembe unaotoa kivuli cha mchana ni mali. Uachie duara la udongo lenye upana wa mita moja au zaidi kila upande. Usipofanya hivyo mti utadhoofika kwa kukosa maji, au mizizi yake itainua zege na kulipasua.

Panapopita bomba la maji au waya wa umeme chini, weka bomba la akiba la plastiki kabla ya kufunika. Mifuniko ya chemba iinuliwe ifikie usawa wa zege, isifukiwe. Siku chemba ikiziba hutataka kubahatisha ilipo.

Chini ya zege kuna nini?

Nyufa nyingi zinazolaumiwa kwenye saruji zinaanzia ardhini. Zege likimwagwa juu ya takataka, mizizi au kifusi ambacho hakikushindiliwa, udongo utashuka na zege litabaki limening'inia kama daraja. Tairi likipita linavunjika.

Kwanza ondoa udongo wa juu wenye nyasi na mizizi. Jaza moramu au kifusi safi kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, mwagia maji kidogo na kushindilia kila tabaka kabla ya kuweka linalofuata. Kwa njia ya gari, kukodi mashine ya kushindilia kwa siku moja ni fedha iliyotumika vizuri.

Wanaoishi kwenye udongo mweusi wa mbuga wawe waangalifu zaidi. Udongo huo huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, hivyo huinua na kushusha chochote kilicho juu yake. Mara nyingi inabidi kuuchimba na kuuondoa, kisha kujaza moramu. Hapo pia tofali ndogo za kupanga zinaweza kufaa kuliko zege la kumwaga, kwa sababu zikipinda zinang'olewa na kupangwa upya.

Kipimo si siri ya fundi

Kwa uwanja wa nyumbani, mchanganyiko wa 1:2:3 unafaa, yaani kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vitatu vya kokoto. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa ndoo ya lita 20, mfuko mmoja unachukua ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 5 na robo za kokoto. Fundi anaweza pia kugonga sanduku la mbao la sentimita 30 kwa 30 kwa 40. Sanduku moja ni karibu sawa na mfuko mmoja. Kupima kwa koleo ni kubahatisha, kwa sababu koleo la asubuhi na la saa nane mchana, mtu akiwa amechoka, si sawa.

Mchanga uwe msafi. Usugue mkononi, ukiacha tope kwenye kiganja, una udongo mwingi. Mchanga wa baharini una chumvi inayokula nondo, kwa hiyo usiuchukue hata kama ni wa bei nafuu.

Maji ndiyo yanayoharibu zege nyingi. Mfuko mmoja unahitaji takriban lita 25, na pungufu ya hapo kama mchanga una unyevu. Saidia fundi hupenda kuongeza maji ili koleo liwe jepesi, lakini kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu ya zege. Likimwagwa kutoka kwenye toroli lisitiririke kama uji. Na lililochanganywa litumike ndani ya saa moja hivi. Likianza kugumu lisilainishwe kwa maji.

Wavu wa nondo hauzuii zege lisipasuke, bali huzibana pande mbili zisiachane. Ili ufanye kazi hiyo lazima uinuliwe kwa vipande vidogo vya zege au mawe. Wavu uliolala chini kabisa ya zege umenunuliwa bure.

Siku ya kumwaga

Siku hiyo mmoja wenu abaki nyumbani. Kabla ya toroli la kwanza, chukua rula na upime kina kutoka kwenye kamba hadi ardhini, mahali pengi. Inchi 4 za makubaliano zinaweza kugeuka inchi 2 na nusu uwanjani, na hutaliona kosa hilo mpaka gari lipite.

Kazi ianze alfajiri, kabla jua halijawa kali. Zege likikaushwa haraka na jua na upepo hupata nyufa ndogo juu siku hiyohiyo.

Zege hunywea likikauka, na lazima lipasuke mahali fulani. Fundi mzuri hulichagulia mahali. Kwa unene wa sentimita 10, ligawanywe vipande vya karibu mraba, kila kimoja kisizidi mita 2.5 hadi 3, kwa mistari iliyokatwa kina cha robo ya unene. Panapokutana zege na ukuta wa nyumba paachwe nafasi ndogo yenye kitu laini, visisukumane.

Kuhusu umaliziaji, kataa niru nje. Niru ni nzuri sebuleni, lakini uwanjani ikilowa inateleza kama sabuni, na wa kwanza kuanguka ni mzee na mtoto anayekimbia. Zege likianza kushika, livutwe ufagio mgumu ili libaki na mikwaruzo. Pia lisinyunyiziwe saruji kavu juu ili kunyonya maji, maana ngozi hiyo hubanduka baadaye.

Watoto wakae mbali. Saruji mbichi huunguza ngozi, na mara nyingi maumivu huja saa kadhaa baadaye, wakati ngozi imeshaharibika. Mtoto akikanyaga au kuchezea zege bichi, mvue nguo zilizolowa na umwoshe kwa maji mengi safi. Likiingia jichoni, mmiminie maji safi bila kuacha kwa dakika 20 na umpeleke hospitali haraka. Fundi na wasaidizi wake nao wanahitaji buti na glavu. Pipa la maji ya ujenzi lifunikwe muda wote, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kuzama humo na mbu huzaliana humo.

Siku saba za kumwagilia

Zege halikauki kama nguo kwenye kamba. Saruji inaungana na maji polepole ndipo inapata nguvu, na maji yakitoroka mapema kazi hiyo inakatika. Lifunikwe kwa nailoni au magunia yaliyolowa, na limwagiliwe asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7 angalau. Hii ni kazi ambayo familia inaweza kuifanya yenyewe, na hakuna inayolipa zaidi kwa gharama ndogo hivyo.

Mtu anaweza kutembea juu yake baada ya siku moja au mbili. Gari dogo lisubiri siku 7, na ni bora 10. Gari la maji lisubiri siku 28. Mpigie simu dereva mapema. Usiagize maji wiki hiyohiyo kisha umlaumu.

Kulitunza

Matunzo yake ni madogo. Fagia mchanga kwenye mistari na mitaro kabla ya vuli na kabla ya masika. Baada ya mvua, tembea uone maji yametuama wapi. Dimbwi linalokaa wiki nzima ni nyumba ya mbu.

Mafuta ya gari yakimwagika, nyunyiza maranda ya mbao au majivu yanyonye, fagia, kisha sugua kwa sabuni ya unga na brashi. Ukoga wa kijani upande wa kivulini usuguliwe kwa brashi ngumu na maji yenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwa sababu huzaa hewa ya sumu. Asidi yenyewe nayo hula saruji, isitumike kwenye zege.

Ufa mwembamba kama unywele, usioongezeka, hauna tatizo kubwa. Ufa ambao upande mmoja umeshuka kuliko mwingine unasema udongo wa chini umeondoka, pengine kwa sababu ya bomba linalovuja. Tafuta chanzo kabla ya kuziba. Ufa wa kawaida upanuliwe kwa tindo, usafishwe, ulowanishwe, kisha ujazwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye zege maji yakishapata njia huchimba chini kimyakimya.

Malipo na hatua

Andikeni makubaliano, hata kwenye karatasi ya daftari: eneo, unene, mchanganyiko, mteremko unaelekea wapi, mistari ya kukata, na nani anamwagilia. Lipa kwa hatua, na bakiza sehemu ya mwisho ya ufundi mpaka siku ya saba. Siku hiyo mwaga ndoo kadhaa za maji karibu na mlango mkiwa pamoja na fundi. Yakikimbia kuelekea mlikokubaliana, mmalizie fedha yake na umshukuru. Yakituama au yakirudi kizingitini, bado mna la kuzungumza.

Kama fedha za mwaka huu hazitoshi, anzeni na mtaro na kipande cha mlangoni, kwa unene kamili. Sehemu nyingine mwagieni kokoto na msubiri kiangazi kijacho. Mita kumi zilizofanywa vizuri zitakuwepo watoto wakiwa wakubwa, kuliko mita hamsini zitakazovunjwa kabla hawajamaliza darasa la saba.